Nyumba Inapopwaya

Kitinda mimba wangu alipokwenda Doha kufanya kazi, usiku wa kwanza nilimpakulia chakula nikakifunika, kama nilivyozoea alipochelewa mpirani. Asubuhi nikakikuta vilevile. Hapo ndipo nilipolia, si uwanja wa ndege.

Watu huniambia, "Shukuru, mtoto kapata kazi." Nashukuru. Lakini shukrani haiondoi jaka la moyo, na mzazi asijione mkosefu kwa hilo. Kwa miaka 24 siku yangu ilipangwa na huyu kijana: saa ya kuamka, saa ya chai, mlango usiotiwa komeo mpaka aingie. Ameondoka, lakini mwili bado unangoja. Ndiyo maana usingizi hukatika saa ileile aliyokuwa akirudi.

Bibi zetu nao waliagana na wana wao. Mabaharia wa majahazi ya Arabuni waliondoka na kusi wakarudi na kaskazi, kwa hivyo mama alijua upepo wa kumngojea mwanawe. Sisi tuna simu, na simu ndiyo iliyonikosesha. Saa za Doha na Mombasa ni sawa, basi nilikuwa nikimpigia hata mara tano kwa siku. Asipopokea, presha inapanda. Siku moja dadake akanambia: "Mama, mwenzio hujificha chooni kazini ili apokee simu yako. Msimamizi ashamuonya."

Nilinyamaza. Kumbe upweke wangu nilikuwa nikimtwika yeye.

Tukaafikiana tuzungumze Ijumaa, siku yake ya mapumziko, baada ya swala. Siku nyingine ni ujumbe wa sauti, ausikize akipata nafasi. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu (msiulize nilishika simu mara ngapi), kisha nikarudia kushona kofia, kazi niliyoiacha alipozaliwa.

Mzee wangu husema hana neno. Lakini kila asubuhi huipangusa pikipiki ya mwanawe, na yeye mwenyewe hajui kuiendesha. Mwanzo nilimcheka. Sasa nampelekea kahawa palepale, na siku nyingine huanza mwenyewe kumtaja kijana.

Mchele nimeupunguza, kutoka vikombe vinne hadi viwili. Ijumaa tu ndiyo bado natia vinne, na watoto wa jirani wameshaijua siku hiyo.