Udongo Uleule, Rangi Mbili

Vyungu vya mfinyanzi Magdalene Odundo havipakwi rangi. Kimoja huwa chekundu kinachoelekea rangi ya machungwa, kingine cheusi tititi, na vyote viwili vimefinyangwa kwa udongo wa aina moja. Anayeviona mara ya kwanza hudhani kuna wino au vanishi. Hakuna. Kilichovitofautisha ni hewa iliyokuwemo tanurini.

Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akahamia Uingereza mwaka 1971, na karakana yake iko Farnham, kusini mwa nchi hiyo. Mwaka 1974 alikwenda Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao siku hizi unaitwa Suleja. Huko aliwakuta wafinyanzi wanawake wa Kigwari, miongoni mwao Ladi Kwali, ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Ufinyanzi wao hauna gurudumu. Chungu hukaa palepale, na mfinyanzi ndiye anayekizunguka, akipandisha kuta kwa kamba za udongo, kamba juu ya kamba. Odundo naye anajenga hivyo hadi leo.

Udongo hukubali kazi hiyo kwa sababu ya umbo la chembe zake. Kila chembe ni bapa na ndogo mno, haifiki hata sehemu mbili za elfu za milimita. Maji yakiingia kati yake, chembe huteleza zikisukumwa na hushikana zikiachwa, kama karata zilizoloa. Maji yakitoka, zinasogeleana, na chungu kizima kinasinyaa. Hapo ndipo hatari ilipo: mdomo ukikauka upesi kuliko kitako, sehemu moja inasinyaa ilhali nyingine bado, na ufa unatokea. Ndiyo maana karakana ya ufinyanzi hujaa vitu vilivyofunikwa kwa nailoni, na mfinyanzi husubiri ukuta ukaze kidogo kabla ya kuongeza kamba nyingine. Kuharakisha hapa ni kuharibu.

Mng'ao nao ni kazi ya chembe zilezile. Udongo huvurugwa majini, chembe nzito hutuama chini, na rojo laini la juu ndilo linalopakwa kwenye chungu. Kisha chungu husuguliwa kwa kokoto nyororo. Kusugua kunazilaza chembe bapa upande mmoja, na mwanga unaozigonga unarudi kwa mpangilio badala ya kutawanyika. Lakini mng'ao huo hauvumilii moto mkali. Tanuri likizidi nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, uso huanza kufifia. Nakereka ninaposikia ufinyanzi wa moto mdogo ukiitwa duni kwa kuwa haufiki nyuzi 1,200 na zaidi za vyombo vigumu vya mezani. Moto mdogo ni uamuzi wa kitaalamu. Vinyweleo unavyoacha ndivyo vinavyouwezesha mtungi kupoza maji, kwa kuwa maji yanayopenya na kukauka nje huondoka na joto. Chungu cha kupikia nacho huhimili mafiga kwa sababu ukuta wenye vinyweleo na chembe za mchanga hauruhusu ufa mdogo kwenda mbali.

Ndani ya tanuri, hatua ya kwanza huenda polepole: maji yaliyobaki yakichemka kwa ghafla, mvuke hupasua chungu. Kati ya nyuzi 500 na 600, hutoka hata maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe, na kuanzia hapo udongo hauwezi tena kulowekwa ukawa tope. Chuma kilichomo, kikipata oksijeni ya kutosha, hutoa wekundu.

Weusi huhitaji kuchoma tena. Chungu hufungiwa pamoja na vitu vya kuungua, kama maranda ya mbao, na hewa huzibwa. Moto uliokosa oksijeni hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo hukipokonya chuma cha udongo oksijeni yake; wekundu unageuka weusi, na masizi yanapenya kwenye vinyweleo. Hewa ikiingia chungu kikiwa bado na joto kali, wekundu hurudi, pengine upande mmoja tu.

Kemia hiyohiyo inafanya kazi kwenye vyungu vinavyochomwa uwanjani bila tanuri, kama vile vya wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa. Wingu jeusi ubavuni mwa chungu cha namna hiyo linaonyesha mahali kuni zilipokilalia na kukinyima hewa. Mnunuzi asikikatae kwa doa hilo. Akining'inize kwa mkono mmoja, agonge ukingo kwa kifundo cha kidole: kizima hulia kwa sauti kali inayodumu, chenye ufa hutoa sauti butu.