Umeme Kingolwira, moshi Kinyerezi

Minara ya umeme inayoingia Kingolwira, Morogoro, kutoka upande wa Dar es Salaam ilisimikwa kwa ajili ya treni. Ni njia ya msongo wa kilovolti 220, urefu wake kama kilomita 160, inayoanzia Kinyerezi, Dar es Salaam, na kuilisha reli ya kisasa, SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Treni hiyo haitoi moshi ikiikaribia milima ya Uluguru. Moshi, ukiwepo, umeachwa Kinyerezi.

Huko mitambo ya umeme huunguza gesi asilia iletwayo kwa bomba kutoka Songo Songo na Mnazi Bay. Kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere la umeme wa maji, megawati 2,115, limeshaingia kwenye gridi, naona kazi inayoifaa gesi sasa ni kuziba pengo: mito ikipungua, au jioni kila nyumba inapowasha taa, televisheni na pasi kwa mkupuo.

Gesi hii karibu yote ni methani. Ikiungua hutoa mvuke wa maji na hewa ukaa, takribani nusu ya ile ya makaa ya mawe kwa uniti moja ya umeme. Masizi ni machache mno. Ukitazama juu ya bomba la kutolea moshi mchana unaona hewa inatetemeka kwa joto, basi. Ndiyo maana watu huiita safi, na hapo ndipo wanapokosea. Ndani ya mtambo joto hupita nyuzi 1,000, na nitrojeni iliyomo kwenye hewa ya kawaida huungana na oksijeni. Oksidi za nitrojeni zinazozaliwa huwasha njia ya hewa; mwenye pumu huzisikia mapema. Jua likizipiga pamoja na mvuke wa petroli wa magari, hutokea ozoni, nayo huumiza mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha wastani wa mwaka cha dioksidi ya nitrojeni kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa mita ya ujazo.

Mtambo wa kuwasha na kuzima una tabia yake. Mitambo ya kisasa huchanganya gesi na hewa nyingi ili moto usipande mno, lakini mbinu hiyo hutulia mtambo ukishabeba mzigo. Dakika za kuwasha, moto haujakaa sawa, na monoksidi ya kaboni huongezeka. Halafu Kinyerezi II hukamata joto la moshi, ikachemsha maji na kuzungusha mtambo wa mvuke. Mtambo usio na mpango huo hulitupa joto angani na kula gesi zaidi kwa kila uniti. Kwa hiyo megawati peke yake hazitoshi kuupima mtambo. Muulize mwenye mtambo ameuwasha mara ngapi mwaka huu, na kila mara umekaa saa ngapi.

Kwa mkazi wa Kingolwira, hata hivyo, gesi ya kuogopa usiku huu haiko umbali wa kilomita 160. Monoksidi ileile hutoka kwenye jiko la mkaa, tena kwa wingi, na haina harufu. Msimu wa baridi, jiko likiingizwa chumbani kupasha joto na dirisha likafungwa, monoksidi hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu: kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi mzito. Kaa lililofunikwa na majivu bado linaitoa. Jiko lilale nje.