Fahamu: Kazi za nikeli Ngara na haki ya anayeomba

Tangu Januari 2021, Serikali ilipotia saini mkataba wa nikeli ya Kabanga na kupata asilimia 16 ya hisa za kampuni ya mradi huo, Tembo Nickel, suala la ajira linawagusa moja kwa moja vijana wa Rulenge na vijiji jirani. Kanuni za madini za 2018 zinataka Watanzania wapewe kipaumbele. Kipaumbele hicho hakimruhusu bosi kujaza ndugu zake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi tangu mtu anapoomba kazi: kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU. Linaloniuma zaidi ni binti kutakiwa kutoa mwili ili jina lake lipite. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Kuiripoti, taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, hupigiwa bure kwa namba 113.

Ukishaajiriwa, dai masharti ya kazi kwa maandishi. Mwajiri asipoweza kuyaonyesha kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, jukumu la kuthibitisha mlichokubaliana humwangukia yeye. Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 tu za kufungua mgogoro huko.