Je, Wajua? Ukuta Hurefushwa kwa Herufi Mbili

Katika AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za majengo iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1982, mchoraji huandika amri EX, hubonyeza Enter, kisha hugusa mstari karibu na ncha anayotaka kuirefusha. Mstari hukimbia hadi ule ulio mbele yake na kukoma hapo bila kuacha mwanya. Ukuta ukichorwa kwa mistari miwili, mchoraji huigusa yote miwili.

Akishikilia Shift, amri hugeuka: badala ya kurefusha, hukata kilichozidi. Mistari sambamba, hata hivyo, haiwezi kuunganishwa hivi kwa kuwa haikutani kamwe.

Kurefusha ukuta kwenye skrini huchukua sekunde chache. Lakini kwenye kiwanja halisi, kwa mfano kilichoko Lubao nchini Kenya, kando ya barabara ya Kakamega–Webuye, fundi huhitaji kamba, vigingi, msingi mpya na saruji.

Tena kuna sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, inayotaka ujenzi upate kibali kwanza. Kabla ya kuongeza chumba, peleka ramani katika Serikali ya Kaunti ya Kakamega upate kibali.