Ndege Zinapozeeka: Tuzikarabati au Tuzistaafishe?

Katika madarasa ya itikadi hapa Kifungilo swali hili limeulizwa zaidi ya mara moja: sisi wakulima wa kabichi, karoti na viazi wa milima ya Usambara tunahusika vipi na umri wa ndege? Jibu ni fupi. Ndege zinazorushwa na Air Tanzania ni mali ya umma. Mkulima wa Lushoto ambaye hajawahi kupanda ndege amezichangia kwa kodi kila aliponunua sabuni au sukari. Mwenye mali hana budi kujua mali yake inazeekaje, na ni nani atakayeamua hatima yake.

NDEGE HUZEEKAJE?

Wengi hupima uzee wa ndege kwa miaka. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa kuwa ndege huzeeka kwa njia tatu.

Kwanza, bati lake huchoka. Ndege ya abiria inapopaa, hewa hushindiliwa ndani ili watu waweze kupumua; inapotua, hewa hiyo huachiwa. Kwa hiyo kiwiliwili chake hutanuka na kunywea kila safari, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukakatika. Aprili 1988, huko Hawaii, Boeing 737 ya Aloha Airlines yenye umri wa miaka 19 ilibanduka sehemu ya paa ikiwa angani. Ilikuwa imekwisha kuruka karibu mara 90,000, nyingi zikiwa safari fupi za kisiwa hadi kisiwa. Maana yake ni kwamba ndege ya Dar es Salaam hadi Zanzibar huchoshwa na wingi wa safari kuliko ile ya kwenda India, ambayo hukaa angani saa nyingi lakini hutanuka mara chache.

Pili, ndege huzeeshwa na mafuta. Ndege kubwa aina ya jumbo, yaani Boeing 747, ilianza kubeba abiria mwaka 1970 ikiwa na injini nne. Baadaye zikaja ndege za injini mbili zinazofika mbali vilevile kwa mafuta machache zaidi. British Airways ilizistaafisha 747 zake zote mwaka 2020, korona ilipowaondoa abiria. Lakini jumbo ya mwisho kutoka kiwandani, iliyokabidhiwa Januari 2023, ilikuwa ya mizigo. Hivyo ndege isiyolipa tena kwa abiria huweza kulipa kwa shehena.

Tatu, ndege huzeeka vipuri vinapoadimika na mafundi wanaoijua wanapotawanyika.

Mambo haya si mageni kwetu. Mwenye lori linaloteremsha mboga kutoka Lushoto hadi Mombo haulizi miaka tu. Huuliza chesisi ikoje, linakunywa mafuta kiasi gani, na vipuri vinapatikana wapi.

FUNZO LA SUPER VC10

Historia yetu wenyewe inatupa mfano. East African Airways, shirika la nchi zetu za Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1946, lilikuwa na ndege tano kubwa za injini nne aina ya Super VC10, zilizopokelewa kati ya 1966 na 1970. Moja iliteketea Addis Ababa mwezi Aprili 1972. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, Shirika likavunjika nayo likiwa limelemewa na madeni, na ndege nne zilizosalia zikarudi mikononi mwa waliozitengeneza Uingereza.

Je, zilikuwa zimezeeka? Iliyokuwa changa kuliko zote ilikuwa na miaka saba tu. Jeshi la Anga la Uingereza lilizichukua, zikakarabatiwa upya na kugeuzwa kuwa ndege za kujaza ndege nyingine mafuta angani. Zilitumika hadi Septemba 2013. Ya mwisho kabisa kuruka miongoni mwa VC10 zote ilikuwa mojawapo ya hizo nne, iliyowahi kubeba namba ya usajili ya Tanzania, 5H-MMT.

Tusijidanganye. Kwa biashara ya abiria Super VC10 ilikuwa mlafi wa mafuta, na British Airways nayo iliacha kubebea abiria kwa ndege hizo mwaka 1981. Huenda hata sisi tungezistaafisha. Lakini hatukupata nafasi ya kuamua. Deni ndilo lililoamua. Waliozichukua walikuwa na karakana, vipuri, fedha na kazi mahsusi ya kuzipa. Hapo ndipo penye kiini cha suala hili: ukarabati na ustaafu vyote viwili vyaweza kuwa sahihi, mradi vimeamuliwa kwa hesabu na mwenye mali, kabla mdai hajabisha hodi.

WAJIBU WETU SASA

Air Tanzania iliundwa Machi 1977. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa zake ziliuzwa kwa shirika la ndege la Afrika Kusini, na ubia huo ukavunjika mwaka 2006. Kati ya 2016 na 2023 Serikali ilinunua ndege mpya za aina tano: Dash 8 Q400, Airbus A220, Boeing 787, Boeing 767 ya mizigo na Boeing 737 MAX.

Wapo wasemao kwamba ndege zikiwa mpya mjadala wa uzee haufai. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwaka 2022 baadhi ya A220 zilisimama kwa matatizo ya injini zingali changa. Nayo 787 ya kwanza, iliyowasili Julai 2018, itatimiza miaka 12 mwaka 2030. Ukaguzi mkubwa wa ndege, unaoivua viti na kuta za ndani hadi mifupa, hugharimu mamilioni ya dola.

Kwa hiyo mambo manne ni ya lazima:

1. Kila saa ya ndege angani itengewe fedha za matengenezo, na fedha hizo zisiguswe kwa jambo jingine.

2. Aina za ndege zisiongezwe ovyo. Kila aina inadai marubani, mafundi na vipuri vyake.

3. Mafundi wetu wafundishwe kazi kubwa. Asiyeweza kufungua injini yake hawezi kusema anajitegemea.

4. Siku ya kustaafisha ndege ipangwe siku inaponunuliwa, ili iuzwe ingali na thamani au ihamishiwe kwenye mizigo. Boeing 767 iliyowasili Juni 2023 hubeba tani 54. Hiyo ndiyo ndege inayoweza kufikisha mboga zetu katika masoko ya nje, ikiwa ushirika utakuwa na mazao bora na vyumba vya baridi.

Serikali ndiyo inayomiliki ndege hizi kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, na Shirika huzikodi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimeonyesha hasara za Shirika. Ripoti hizo zisomwe matawini, na viongozi waulizwe bila woga: mfuko wa matengenezo una kiasi gani, na nani anautunza? Kuuliza hivyo si upinzani. Ni kazi ya mwanachama anayejua kwamba mali ni yake.