Pikapu Inakunywa Maji: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Pikapu kuukuu ya dizeli ikianza kunywa maji, mwenye gari wa Kibondo husikia hukumu moja haraka sana: gasketi ya hedi imeungua, tufungue. Kazi hiyo hula mamia ya maelfu ya shilingi, na hupita milioni kwa urahisi ukijumlisha seti ya gasketi, oili mpya, fundi wa mashine na siku ambazo gari halibebi maharage. Mfuniko wa rejeta unanunulika kwa bei ya lita chache za dizeli. Mimi ningeanza na mfuniko.

Huku milimani mfuniko una kazi kubwa kuliko pwani. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji matupu huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9 hubana presha na kukuongezea takribani nyuzi 20. Springi yake ikilegea au mpira wake ukikatika, gari litachemsha kwenye mpando hata kama injini haina kosa.

Baada ya hapo fuata unyevu, injini ikiwa imepoa kabisa. Mfuniko wa moto humwagia mtu maji yanayochemka usoni. Kagua mipira ya rejeta kwenye vilipu, kitundu kidogo chini ya wota pampu, na zulia la ndani kama gari lina hita. Mpira na kilipu ni fedha ndogo. Rejeta ya shaba ikitoboka huchomelewa. Ile yenye vichwa vya plastiki vilivyopasuka, badilisha, maana kuiziba ni kulipa mara mbili.

Maji yakipungua bila kuacha tone chini, ndipo moshi unapokuwa shahidi. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, unaotoka asubuhi ya baridi kisha ukakatika, huelekeza kwenye hita plagi au nozeli. Mweupe usiokatika, wenye harufu tamutamu kama umetia kulanti, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili. Mweusi unaweza kuwa chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu la barabara, na kulibadilisha ni nafuu mno kuliko kugusa pampu ya dizeli.

Kabla ya kukubali hedi ifunguliwe, dai vipimo hivi, ambavyo havikugharimu chochote. Fungua mfuniko injini ikiwa baridi, iwashwe, utazame: mapovu yasiyoisha ni gesi ya silinda. Mfuniko ukiwa umefungwa, shika mpira wa juu. Ukikakamaa ndani ya dakika chache, maji yakiwa bado baridi, jibu ni lilelile. Chomoa kijiti cha oili: ikifanana na chai ya maziwa, usiliwashe tena. Fundi mwenye pampu ya mkono ya kupima presha anastahili malipo yake, hata ikibidi umfuate Kasulu, ila gari linalochemsha livutwe, lisiendeshwe.

Ukishauriwa kung'oa thamostati, kataa. Inaonekana kama akiba, lakini injini hufanya kazi ikiwa baridi, hutoa moshi na kula dizeli zaidi. Unga wa kuzibia rejeta nao ni wa kukufikisha nyumbani tu. Ukikaa humo huziba vijia vya rejeta na vya hita. Kulanti ni ghali kuliko maji ya kisima, lakini huzuia kutu, na kutu ndiyo inayokula wota pampu.

Vipimo vikithibitisha hedi, usinunue gasketi peke yake. Hedi ipelekwe kwa fundi wa mashine ipimwe kwa rula nyoofu na kukaguliwa nyufa kwanza. Iliyopinda kidogo husawazishwa. Ikiwa imepasuka, linganisha bei ya hedi ya mtumba na ya injini nzima ya mtumba, na hedi hiyo nayo ipimwe kabla hujatoa pesa.