Kazi Kubwa ya Figo ni Kurudisha

Wengi wetu tulifundishwa kuwa figo ni chujio la uchafu. Si uongo, lakini hesabu yake inashangaza. Kila siku figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, na mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi. Karibu yote yaliyochujwa hurudi kwenye damu.

Figo moja, isiyozidi sana ngumi kwa ukubwa, ina nefroni zipatazo milioni moja. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna kishada cha vimishipa. Damu inaposukumwa humo, maji, chumvi, sukari na takataka hupenya. Seli na protini kubwa hubaki. Hapo hakuna kuchagua. Uchaguzi hufanyika mbele, kwenye mrija: ni kama mtu atoaye vyombo vyote uani, kisha akaingiza ndani vile tu anavyovihitaji. Unaweza kuuona utaratibu huo kuwa wa hasara. Faida yake ni kwamba mwili haulazimiki kuitambua kila sumu. Kisichorudishwa, kinakwenda na mkojo.

Kiasi cha kurudisha hubadilika saa kwa saa. Aliyefunga Ramadhani, au fundi aliyeshinda juani, damu yake huzidi chumvi. Ubongo hulitambua hilo, na tezi ya pituitari hutoa homoni ya vasopresini inayoiamuru mirija irudishe maji zaidi. Mkojo huwa mchache, wa njano iliyokolea. Akishafuturu na kunywa vizuri, homoni hupungua na mkojo hurudi kuwa mweupe.

Kwenye potasiamu, nafasi ya kukosea ni finyu zaidi. Potasiamu nyingi hukaa ndani ya seli. Katika damu inatakiwa kiasi cha milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita, na mapigo ya moyo yanategemea kiwango hicho. Dafu lina potasiamu nyingi. Mwenye figo nzima hulinywa bila wasiwasi, maana ziada hutolewa kwenye mkojo. Figo zikishafeli, ziada hiyo hubaki kwenye damu, na moyo unaweza kupiga ovyo au kusimama kabisa. Ndiyo maana wagonjwa wa figo hukatazwa madafu, kinywaji ambacho kila jirani atawaambia ni dawa.

Mashine ya kusafisha damu huziba sehemu tu ya pengo. Kwa kawaida mgonjwa huunganishwa nayo mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara, ilhali figo hazipumziki hata usiku. Isitoshe, figo hutengeneza homoni ya erithropoyetini inayouhimiza uboho kuzalisha seli nyekundu za damu. Mashine haiwezi hilo, kwa hiyo wengi huhitaji sindano za homoni hiyo.

Figo zina akiba kubwa; mtu mwenye afya anaweza kumpa mwenzake moja akaishi vizuri. Akiba hiyohiyo huficha ugonjwa. Kreatinini katika damu inaweza kuonekana ya kawaida hadi karibu nusu ya uwezo wa kuchuja ipotee. Kwa wenye kisukari au presha, albumini kwenye mkojo mara nyingi hutangulia kuonekana, na hupimwa kwa mkojo kidogo tu. Kipimo hicho nakiamini kuliko chupa zote za “kusafisha figo” zinazouzwa stendi.